Kula Mbele ya Mkwe

Enzi zetu kule Marambo, samaki alikuwa mgeni wa heshima kuliko diwani. Alitoka Lindi juu ya baiskeli, amekaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao, na harufu yake ilifika kijijini kabla ya mwenye baiskeli. Tukiisikia tu, tuliacha kombolela katikati, na aliyekuwa amejificha aliachwa hukohuko ajitafute mwenyewe. Siku hiyo kisamvu na mbaazi vilipumzika. Bibi alimloweka samaki, akamwaga yale maji ya chumvi, akamchemsha na kumtilia karanga za kutwanga. Sisi wajukuu tulikaa kando ya jiko tukiwa na adabu ambayo majirani hawakuwahi kuiona.

Nimeyakumbuka haya mwezi uliopita nikiwa Dar es Salaam, nimeketishwa kwenye mgahawa wa Kitaliano unaopika vitu vya baharini. Mbele yangu zilipangwa uma tatu za ukubwa tofauti, na mapajani niliwekewa kitambaa cheupe ambacho kwetu tungekitunza kwa ajili ya harusi. Aliyenipeleka ni Kassimu, mume wa binti yangu Somoe. Nilikuwa natokwa na jasho chini ya kiyoyozi. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza nimalize habari ya samaki mkavu, maana ndiye chanzo.

Kwetu mwanamume akioa alihamia kwa mke. Baba alitoka Mandawa, upande wa Ruangwa, akajenga nyumba yake uani kwa bibi mzaa mama. Na siku zile mkwe na mama mkwe hawakutazamana. Bibi akimwona baba anakuja njiani, aliingia kwenye mtama na kumpa mgongo mpaka apite. Baba naye, kabla ya kutoka nje asubuhi, alikohoa kwanza ili bibi apate nafasi ya kujisitiri. Kula mbele ya mwenzake ndiyo kabisa, ilikuwa aibu sawa na kuvua nguo. Lakini bibi alimpenda mkwe wake, na mapenzi hayo aliyatuma kwa bakuli. "Mpelekeeni baba yenu," alisema, akitukabidhi mimi na mdogo wangu Hemedi vipande vitatu vya samaki, vimefunikwa kwa kawa.

Sasa hebu fikirini. Aliyetuma hawezi kumuuliza aliyepelekewa. Aliyepelekewa hawezi kumuuliza aliyetuma. Mwizi gani angeomba zaidi ya hapo? Njiani palikuwa na ghala la mahindi, na nyuma ya ghala lile Hemedi alishika bakuli, mimi nikachagua. Mwanzoni tulichukua kipande kimoja tukakigawana kwa haki. Baadaye tukazoea, na baba akawa anapata kichwa na mchuzi. Baba hakumwambia mama, kwa kuwa mwanamume kumlalamikia mkewe juu ya kitoweo cha mamaye ni kujishusha. Watoto wa siku hizi wanampiga picha samaki kabla ya kumla, ili dunia nzima ijue. Sisi tulikula upesi na hatukutaka ushahidi.

Siku moja, baada ya mavuno ya ufuta, tulimkuta baba anafunga mkeka wake kwa kamba, jembe liko pembeni. Anarudi Mandawa. Mama alikuwa analia mlangoni.

"Mama yako hanitaki," baba alimwambia. "Mtu anayekulisha vichwa mwaka mzima, anakwambia uondoke."

Aliitwa mjomba, kaka yake mama, kwa sababu ndoa za dada zake zilikuwa mikononi mwake. Kikao chenyewe hamjapata kuona. Bibi alikaa ndani nyuma ya mlango, baba akakaa nje nyuma ya ua wa mabua, na mjomba akaweka kigoda katikati.

"Mama, mkweo ulikuwa unampelekea nini?" mjomba aliuliza kuelekea mlangoni.

"Vipande vitatu. Kile kinono cha katikati ni chake siku zote."

Mjomba aligeukia kwenye ua. "Shemeji, wewe ulikuwa unapata nini?"

"Kichwa."

Mjomba akaigeuza shingo taratibu mpaka kwangu na Hemedi, tuliokuwa pale uani tunamenya karanga kwa bidii ambayo haikuwa ya kawaida.

"Njoni hapa, wasafirishaji," alisema.

Hemedi alijaribu kumsingizia paka. Mimi nilitazama ule mkeka uliofungwa nikaogopa kweli, nikayasema yote kabla sijaguswa, na ya Hemedi nikayaongezea. Tulipalilia muhogo wa mjomba mwezi mzima. Baba alifungua mkeka. Tangu siku ile bakuli lake likawa linafungwa kwa kitambaa, na fundo lake likanishinda kulifungua, ingawa nilijaribu.

Basi nimekua na mila hiyo damuni. Kassimu ni mtoto wa Tanga mjini, na kwao mama mkwe ni mama tu, mnakaa naye mnakula mnacheka. Kwa miaka sita ya ndoa yao, kila nilipokwenda nyumbani kwake nilimwambia nimeshiba, akitoka kazini ananikuta nimekwisha kula jikoni na Somoe. Ndipo kijana wa watu akafanya hila. Alinichagulia mahali ambapo, kwa mawazo yake, hapakuwa na jiko la kukimbilia.

Vyakula vikaja. Walileta tambi nyeusi kama masizi ya sufuria, na mhudumu akanihakikishia kwamba weusi ule ni wino wa ngisi. Wakaleta kome na makombe yao, kamba wakubwa kama mkono wa mtoto, na pweza wa kuchoma aliyemwagiwa mafuta na ndimu. Mate yalinijaa. Kassimu alikuwa ananitazama, hali, ananisubiri mimi nianze. Nikahesabu mpaka tatu, nikabeba sahani yangu, nikainuka na kumfuata mhudumu mpaka kwenye mlango aliotokea.

Jiko lilikuwepo, tena kubwa. Mpishi mwenye kofia ndefu alishtuka.

"Mama, chakula kina tatizo?"

"Hakina tatizo, mwanangu. Naomba kigoda tu."

Somoe aliingia nyuma yangu. Nilidhani atacheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, Kassimu anaamini humtaki," aliniambia. "Miaka sita hajakuona ukimeza hata tonge la kwake. Nimemweleza ni mila, ananiuliza ni mila gani ya kumkimbia mtu na sahani. Jana ameniambia ukimkimbia na leo hatakualika tena, asije akawa anakutesa."

Nilisimama pale na pweza wangu mkononi. Nilimwona baba na mkeka wake, na bibi nyuma ya mlango, watu wawili waliopendana sana, na mmoja karibu aende zake kwa sababu hakuwahi kumwona mwenzake usoni. Safari hii hapakuwa na mtoto wa kusingiziwa. Aliyekuwa anamnyima mkwe ni mimi.

Nikarudi mezani na sahani yangu. Nikaketi nikimkabili, nikaziacha uma zao zote tatu, nikanyoosha mkono na kuchukua kome kwenye sahani ya Kassimu bila kuomba. Nikamtafuna mbele yake. Bibi anisamehe huko aliko.

Kassimu alinitazama, akaitazama sahani yake. "Mama," alisema, "huyo mkubwa nilikuwa nimemtunza."

"Umechelewa kunijua, mwanangu," nikamjibu, nikachukua wa pili, kisha nikamgeukia pweza wangu. Alicheka mpaka watu wa meza za jirani wakageuka, na Somoe akafuta machozi kwa kile kitambaa cheupe.

Sizisemi vibaya enzi zetu. Zilikuwa na heshima, na nikiwaona vijana wa leo wamejilaza kochi moja na mama mkwe wakigombea rimoti, natamani waje wakae wiki moja tu kwa bibi yangu. Lakini bibi alipofariki, baba alilia kuliko watoto aliowazaa bibi mwenyewe. Arobaini ilipofika, mama alitaka kupika chakula alichokipenda marehemu, na baba akauliza ni chakula gani. Yeye na bibi walikuwa wamekaa uwanja mmoja miaka kumi na minne. Kassimu amekula nami mara moja tu, na tayari anawasimulia watu kwamba mama mkwe wake akila pweza hufumba macho.