Mama Sufuria na Nguchiro wa Kichuguuni

Hapana bwana, nyoka hakuwapo. Nguchiro walikimbia mwiko.

Mwiko wa nani? Wa huyu mama aliyejibanza nyuma ya tangi la maji jioni hii, mikono kaibana kwapani isije ikagusa kitu. Ni mpishi wa shule, watoto mia sita kila mchana, nao humwita Mama Sufuria.

Likizo hii wamekuja shambani kwa wifi yake, yeye na mumewe na binti yao. Kwenye kichuguu cha pale shambani wanaishi nguchiro, vinyama vyembamba, jua likishuka hutoka kutafuta wadudu.

Basi juzi wote wametulia tuli kuwasubiri, nguchiro wa kwanza katoa pua, na huko jikoni wali umeiva. Mama akafanya vile vile anavyofanya kazini: akagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, ko, ko, ko. Shuleni kengele ya chakula ndiyo hiyo. Pua ikarudi shimoni. Jana akagonga tena.

"Si mimi, ni mkono," akajitetea.

"Basi mkono ungeuacha kwenu," wifi akamjibu. Mawifi hao, unawajua.

Sasa kesho wanaondoka. Wenzake walau waliiona ile pua, yeye hata mkia. Ndiyo maana leo kapika mapema, kafunika, mwiko kamkabidhi mumewe.

Kimya. Inatoka pua. Mara wanamwagika kama maharage ya gunia lililopasuka, wanafukua, wanatafuna. Mmoja tu kapanda juu ya kichuguu, kasimama kwa miguu ya nyuma, anaangaza huku na huku.

"Yule mbona hali?" Mama ananong'ona.

"Ndiye mlinzi," wifi anamwambia. "Akiona mwewe, analia, wenzake wanaingia."

"Na yeye anakula saa ngapi?"

Wifi hajui. Kazaliwa hapo, na hilo hajawahi kujiuliza.

Tangu hapo Mama hawatazami tena wanaokula. Macho kwa yule yule. Yeye mwenyewe kazini huonja kwenye kiganja, hugawa, kisha hukwangua ukoko akiwa wima. Nyumbani ni hivyo hivyo.

Mara nguchiro mwingine anaparamia kichuguu. Yule wa kwanza anashuka, anaanza kufukua.

"Ahaa," anasema Mama. "Kumbe wanapokezana."

Giza likiingia nguchiro wanarudi shimoni, na watu wanarudi ndani. Mama ananyoosha mkono apewe mwiko. Mumewe hatoi.

"Umenikabidhi mwenyewe. Wewe kaa."

Anapakua yeye, mchuzi nusu unamwagikia mezani. Binti anacheka mpaka kikohozi. Mama anasema shule ikifunguliwa atamwambia mwenzake wa jikoni: leo ugawe wewe mimi nile, kesho nigawe mimi.

"Hayo ya kesho," anasema wifi, akimsogezea kiti. "Chakula kinapoa."

Mama anakaa. Na wao wanakaa, wanakula.