Maji ya Kuchemsha Mpaka Nusu

Fundi hakuwahi kununua kitambaa kwa kukitazama upande mmoja. Alikigeuza ndani nje, akakivuta kwa pembe, kisha akachomoa uzi mmoja ukingoni na kuuchoma kwa kiberiti huku mwenye duka akikunja uso. Uzi wa pamba huacha jivu laini. Uzi wa plastiki hujikunja na kuacha kishanga kigumu.

"Mama, ipo siku utanichomea duka," mwenye duka alimlalamikia.

"Bora nikuchomee uzi mmoja kuliko wazazi wa shule nzima waje kunichoma mimi."

Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, cherehani ikiwa imeegemea dirisha. Kitambaa kipya hakikuguswa na mkasi kabla hakijachemshwa. "Kitoe wanga wake," alisema, "kitoe na rangi ya uongo, ndipo nijue nashona nini." Maji ya kwanza yalitoka mazito, ya pili mepesi, na kitambaa kikabaki vile kilivyo kweli. Akawa anaamini kwamba kila kinachoingia nyumbani kina wanga wake, na kwamba dawa ya wanga ni moto.

Mumewe alifanya kazi kwenye mtambo wa maji wa mji. Alisafisha machujio ya mchanga, akaangalia pampu, akamimina dawa. Alikuwa mtu wa maneno ya kupimwa kwa kijiko. Ukimuuliza kazi ilikuwaje, alijibu kwamba ilikuwa kazi.

Siku moja alisahau chakula chake, na Fundi akampelekea. Njiani kuelekea ofisi ya zamu alipita mbele ya stoo iliyoachwa wazi, akaona magunia yamepangwa ukutani. Kila gunia lilikuwa na picha ya fuvu na mifupa miwili, na chini yake maneno: sodiamu floraidi. Jina hilo hakulikuta hapo kwa mara ya kwanza. Floraidi ilikuwa imeandikwa kwenye dawa ya meno iliyokuwa bafuni kwake. Na zamani sana, mama yake mzazi alikuwa na kopo la unga wa kuulia mende lenye jina hilohilo, lililowekwa juu ya kabati, ambalo watoto walikatazwa hata kulinyooshea kidole.

"Baba Chiriku," alisema akimkabidhi mumewe chakula, "mnatia unga wa mende kwenye maji?"

"Ni wa meno. Inatiwa chembe tu, meno yasioze."

"Na lile fuvu?"

"Linatuonya sisi tunaoshika gunia. Hata chumvi, ukibugia kilo nzima, utakufa."

"Gunia la chumvi sijaliona na fuvu."

Mumewe alifungua chakula, akaanza kula. Fundi aliondoka, akaibeba picha ya lile fuvu kichwani mpaka nyumbani kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Chiriku alikuwa binti yao, wakati huo ndiyo kwanza anaota meno ya utoto. Walimpa jina hilo kwa sababu alianza kupiga domo kabla ya kutembea. Kwa ajili yake, Fundi akauliza habari za ile poda kwa jirani yake, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Redio.

"Mbona hilo linajulikana!" Redio alisema, akivuta kigoda. "Ile poda inalegeza akili. Inafanya mifupa iwe kama biskuti."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye simu kubwa."

Fundi aliyagawa maneno ya Redio nusu kwa nusu, kama alivyozoea, akatupa nusu moja. Iliyobaki ilitosha kumkosesha usingizi.

Nyuma ya gereji ya jirani palikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mashine. Maji yake yalikuwa baridi, maangavu, hayana harufu. Fundi akaanza kuchota huko kwa ajili ya Chiriku peke yake. Lakini hata kisima hakukiamini moja kwa moja. Nani anajua kilichomo ardhini? Akayachemsha. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea vitambaa, hakuridhika na kuchemka tu. Aliyaacha motoni mpaka yakabaki nusu ya sufuria, wanga wote utoke. Kisha akayapoza, akayatia kwenye chupa.

"Mke wa mtu wa maji anachota kisimani," mumewe alisema. "Wenzangu wakijua watanicheka mpaka nistaafu."

"Wacheke, tuyaone hayo meno yao."

Miaka ikapita kwa mtindo huo. Meno ya utoto ya Chiriku yakang'oka, yakaja ya ukubwani. Yale ya mbele yalitoka na michirizi ya kahawia, kama chai iliyomwagikia shati jeupe na kuachwa ikauke. Fundi aliyasugua kwa kitambaa, kwa mkaa, kwa chumvi. Hayakubadilika. Chiriku akaanza kucheka kwa kuziba mdomo, halafu akaacha kucheka, halafu domo lenyewe likapungua. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba cherehani ilisikika mpaka barabarani.

Fundi alikuwa na mshitakiwa wake tayari.

"Umekunywa maji ya bomba shuleni?"

"Sijakunywa, mama."

"Hata kwa kusukutua?"

"Hata kwa kusukutua."

"Fungua mdomo nione."

Kwa hiyo alipompeleka kwa daktari wa meno, alikwenda kutafuta shahidi. Daktari alimwinua Chiriku kidevu, akatazama, akasema: "Haya madoa ni ya floraidi nyingi utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi."

"Nilijua! Ile poda ya bomba."

"Kwani anakunywa ya bomba?"

"Hata tone. Anakunywa ya kisima, tena nachemsha mpaka yabaki nusu."

Daktari aliweka kioo chake chini. "Mama, visima vingine vina floraidi yake ya asili, tena nyingi. Na haitoki na mvuke. Ukisahau mchuzi motoni ukapungua, chumvi inakwenda wapi?"

Chumvi haiendi popote. Hilo Fundi alilijua vizuri. Lakini njia nzima ya kurudi alijiuliza daktari huyu ameajiriwa na nani, na wanaonunua yale magunia wameajiriwa na nani. Alipogundua kwamba mwajiri ni mmoja, serikali, akakaza mwendo.

Nyumbani kulikuwa na mdogo wake Chiriku, aliyeanza kunywa kwa kikombe. Meno yake ya ukubwani yalikuwa bado yamejificha, yakijengwa na kila alichomeza. Ya Chiriku yalikwishaharibika. Haya yangeweza kuokolewa, ila Fundi alipaswa kuchagua maji, na alikuwa hamwamini yeyote wa kumchagulia.

Alichukua chupa tatu zinazofanana. Moja aliijaza maji ya bomba, nyingine ya kisima, ya tatu ya kisima yaliyochemshwa. Shingoni akazifunga nyuzi: nyekundu, nyeupe, nyeusi. Hakumwambia mtu ipi ni ya nini. Akaenda nazo kwenye mtambo, akamkuta mumewe na mpimaji wa maabara.

"Nipimieni. Msiniulize yametoka wapi."

"Huniamini hata mimi?" mumewe aliuliza.

"Nyumbani nakuamini."

Mpimaji alitia matone, akatikisa, akalinganisha rangi. "Hii ya uzi mweupe imezidi," alisema. "Ya mweusi imezidi maradufu, hii mtoto asipewe kabisa."

Fundi aliutazama ule uzi mweusi. Miaka yote ile ya kuni, ya kupepea, ya kungoja yapoe.

"Na nyekundu?"

"Nyekundu haina kitu. Karibu sufuri." Mpimaji alimgeukia mumewe Fundi, akaongea polepole. "Hii ni ya bomba, siyo?"

Mumewe alikuwa anatazama viatu vyake.

Fundi alitoka, akaenda moja kwa moja stoo. Magunia yalikuwapo, yamejaa, midomo yake ingali na mshono wa kiwandani, haujakatwa hata uzi. Vumbi lilikuwa limelala juu ya mafuvu. Mumewe alimfuata, akasimama mlangoni.

"Mashine ya kumiminia iliharibika," alisema.

"Lini?"

"Kabla huyu mdogo hajazaliwa. Wakubwa walisema tusitangaze, watu wataleta maneno."

"Mimi ndiyo watu?"

"Ningekwambia, ungemwambia Redio."

"Ningeacha kuchota kisimani! Kila siku unaniona napepea moto, unanisikia nailaani poda, na poda yenyewe haipo!"

"Haki ya Mungu, sikujua kisima kina nini."

"Hukujua kwa sababu hukutaka kuuliza. Ukiuliza na wewe utaulizwa."

Walirudi nyumbani pamoja, kila mmoja upande wake wa barabara. Fundi alizitoa chupa zote za maji ya kuchemsha, akazimwaga mlangoni moja baada ya nyingine. Chiriku alitazama. Mdogo wake alikuwa analilia maji.

Fundi alifungua bomba, akajaza kikombe, akasimama nacho. Leo yalikuwa maji matupu, amepimiwa mbele ya macho yake. Lakini mashine inaweza kutengenezwa kesho, au wiki ijayo, na fundi mitambo akakosea kipimo, na wakubwa wakasema tena isitangazwe.

"Wakiitengeneza utaniambia?" alimuuliza mumewe.

"Nitakwambia."

"Kabla hawajamimina?"

"Kabla."

Alimnyooshea kikombe. "Haya, kunywa wewe kwanza."

Mumewe alikunywa mpaka chini, bila kulalamika, akafuta mdomo kwa kiganja. Fundi alikijaza tena, akakishika kifuani, asikitoe. Mtoto alirusha mikono.

"Na mimi, mama?" Chiriku aliuliza. "Na mimi ninywe haya ya bomba?"

"Na wewe, mwanangu. Mtakunywa wote," Fundi alisema, jicho lake halijabanduka kwa mumewe. "Subirini kidogo tu, tumtazame baba yenu kwanza."