Nafasi ya Juma Kwenye Sinia

Juzi, nyumbani kwetu Mabela, nilimkuta binti yangu akisoma historia ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwenye ramani ya Bama palikuwa na mshale mwekundu wa jeshi la Waingereza uliovuka mto Chindwin, ukiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Papo hapo nikasikia harufu ya pilau na ubani.

Ilikuwa Ijumaa moja ya utotoni mwangu, baada ya sala, nyumbani kwa babu, mtaani Wattaya. Kiyoyozi kilinguruma, nasi tumelizunguka sinia. Babu, aliyekuwa askari wa Waingereza ujanani, siku zote aliacha nafasi kushoto kwake na kusogeza nyama upande huo. Nilidhani ni ya mgeni asiyejua saa ya chakula. Siku ile nikakaa pale, nikaila ile nyama.

Babu alinigeukia.

"Juma," akasema, "ulivuka mto?"

Mimi siitwi Juma. Lakini tulifunzwa kumwitikia mkubwa bila kumbishia.

"Naam, babu. Nilivuka."

Bibi alikuwa akimimina maji. Bilauri ikafurika hadi kwenye mkeka. Babu akatabasamu, akaendelea kula. Tangu siku ile hakuacha nafasi tena, nami nikafurahi kwamba nyama imebaki yetu.

Babu alipokwisha kuzikwa, bibi aliniambia Juma alikuwa askari mwenzake babu, hakurudi kutoka Bama. Huo mto sikuuelewa mpaka juzi.

Babu alivuka peke yake. Aliyemwambia kwamba Juma naye alivuka ni mimi, midomo ikinimeta kwa mafuta ya nyama yake.