Majibu ya Jicho la Mama wa Chanika

Wasomaji wangu, salaam. Punguzeni redio kidogo mnisikilize, leo nina hasira.

Juzi nilikuwa kwenye hospitali moja ya Temeke, ile wanayojifunzia madaktari wanafunzi. Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja wa Chanika, mgonjwa wa sukari, jicho moja limeanza kuingia ukungu. Watafiti wa sukari walishamtoa damu, wa moyo wakamtoa, wa macho wakalipiga picha jicho lake. Yeye alitaka kujua kitu kimoja tu: atapofuka au hapofuki?

Daktari kijana akatoka chumba cha utafiti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Majibu yangu?"

"Yale ya utafiti, mama. Hatutoagi."

Mie nimejua kusoma ukubwani, sipitagi maandishi bila kuyasoma. Nikasimama, nikaweka kidole kwenye bango la ukutani, nikasoma kwa sauti: "Mgonjwa ana haki ya kuelezwa majibu ya vipimo vyake."

Daktari akatabasamu. "Bi mkubwa, hilo la wagonjwa. Huyu kwetu ni mshiriki wa utafiti."

Benchi zima likaguna. Mama akakaza khanga kiunoni. "Basi mwanangu, nirudishe kwenye ugonjwa. Kule angalau nilikuwa naulizwa naumwa wapi."

Utafiti siupingi, hata dawa ninazomeza zilipitia huko. Lakini unalipigaje picha jicho la mtu, halafu habari zake unamficha mwenye jicho?

Niacheni niende. Mama ananisubiri kituo cha daladala, tunarudi hospitali kwa mkubwa wao, na tukitoka huko nitawaambia alichojibu.