Habari Iliyopunjwa

Wateja ndio waliomwita Mama Vifungo, kwa sababu kifungo alichokishona yeye hakikung'oka mpaka nguo yenyewe ichakae. Alishona sare za shule sebuleni kwake, cherehani ikiwa karibu na dirisha, na kwenye kiti cha pili alikaa mumewe na redio mapajani. Mumewe huyo mtaa mzima ulimwita Mzee Mizani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizani: aliingia madukani na sanduku lake la mbao lenye mawe ya kupimia, akageuza sahani juu chini, akasoma mishale, na aliyepunja wateja alifungiwa duka papo hapo. Wapo wauzaji waliomwogopa kuliko polisi. Baadaye presha ya macho ilimwibia nuru kidogo kidogo, na alipostaafu alikuwa akimtambua mkewe kwa sauti na kwa harufu ya mafuta ya cherehani.

Sasa mzee wa namna hiyo utampa kazi gani? Alijitafutia mwenyewe. Alianza kupima habari.

Aliichukua habari moja asubuhi redioni, akaifuata kwenye gazeti wakati wa chai, akaimalizia kwenye televisheni mchana, halafu akaitolea uzito. Iliyotimia aliiita kilo kamili. Nyingine zilipata nusu, nyingine robo, na zile za kwenye simu, ambazo kila mtu ameambiwa na mtu aliyeambiwa, alizipa gramu chache akisema ni za huruma tu. Ikiwa mwandishi ameficha jambo, mzee alitikisa kichwa na kusema kwamba hii imepunjwa.

Mwanzoni Mama Vifungo alidhani ni uzee unampitia. Halafu akaanza kutega sikio. Kwenye redio, mumewe hakumsikiliza mtangazaji tu, alisikiliza na yaliyo nyuma yake; siku moja alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu bwana mmoja alikuwa akisimulia mafuriko kana kwamba maji yamemfika kiunoni na huku nyuma feni ya ofisini inazunguka. Kwenye gazeti alitaka asomewe aya ya mwisho kwanza. Alidai mashaka ya mwandishi huzikwa huko chini, kama mchele mbovu kwenye kitako cha gunia. Na kwenye televisheni macho yalikuwa ya mkewe. Mzee aliuliza kama ardhi ina maji pale wanaposema mvua imenyesha, kama watu wa kwenye picha wamevaa nguo za msimu huu. Siku Mama Vifungo alipogundua mwenyewe kwamba picha ya "jana" ina jengo lililobomolewa mwaka uliopita, alishangilia hadi akaisahau pasi ya moto juu ya sketi ya mtoto wa watu. Tangu hapo ugonjwa ukawa wa wote wawili.

Kila habari ilimalizikia kwenye swali moja. Mzee aliuliza: na anayesemwa mwenyewe? Sauti yake ikoje, uso wake ukoje? Habari iliyomtuhumu mtu bila kumsikiliza ilikatwa robo nzima, na kwa Mzee Mizani hakukuwa na rufaa.

Basi asubuhi moja redio ikatangaza kwamba wakaguzi wameingia sokoni na kuwakuta wauza nafaka kadhaa na mizani iliyochezewa, nao watahojiwa. Mzee alisugua viganja kwa furaha. Ilikuwa habari ya kazi yake, ya watu wake. Alisema mwandishi huyu kweli yuko sokoni, maana nyuma yake mchukuzi anapiga kelele watu wampishe. Lakini hakuna aliyetajwa wala aliyehojiwa, kwa hiyo akaipa nusu kilo, wangoje gazeti.

Gazeti lilipofika, Mama Vifungo alivaa miwani akaenda moja kwa moja kwenye aya ya mwisho, kama ilivyo sheria ya nyumba ile. Macho yakatangulia mdomo. Iliandikwa kwamba miongoni mwa waliokutwa ni mwenye duka la pili kutoka lango kuu la soko, ambaye ni mtoto wa mkaguzi wa mizani mstaafu.

Duka la pili kutoka lango kuu lilikuwa la mtoto wao wa mwisho. Mzee alikuwa akimpigia debe kijana huyo kwa kila aliyeketi naye; alisema kwa mizani ya mwanangu unaweza kupima dhahabu. Hiyo ndiyo fahari aliyobaki nayo baada ya macho kwenda zake. Mama Vifungo aliogopa, aliogopa hasa, kwamba maneno yale yakimwingia mumewe hatanyanyuka tena kwenye kiti kile. Akaimeza aya ya mwisho, akasoma ya juu yake kana kwamba ndiyo ya mwisho.

Mzee akasema gazeti la leo limempungukia, kwa sababu yeye anamjua mwandishi huyu, huwa hamwachi mtu mpaka amesema ni mtoto wa nani. Mkewe alijibu kwamba labda nafasi ilikuwa ndogo, na akaanza kukanyaga cherehani bila kitambaa chini ya sindano.

Mchana televisheni ikaileta habari ileile. Mama Vifungo akaliona duka la mwanawe, mlango wa bluu alioupaka rangi yeye mwenyewe siku ya kulifungua. Mzee akauliza wanaonyesha nini. Wanaonyesha soko tu, akasema mkewe. Mzee akauliza soko lina watu au halina, akajibiwa wapo wapo. Mtangazaji akasema "kama mnavyoona hapa," na mzee akageuza uso upande wa mkewe, akangoja. Mkewe hakuona kitu. Yaani aliona, ila alikaza midomo kama mtu aliyebana pini mdomoni.

Alijisingizia nguo za kuanika, akatoka uani kumpigia mwanawe. Simu haikupatikana. Alipokuwa akijaribu tena, jirani alichungulia juu ya ukuta, akamchezea sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi la mtaa. Mwanamume fulani alikuwa akiapa kwamba mwenye duka la pili alitoroka kwa dirisha la nyuma na mizani kichwani. Jirani alitoa pole huku macho yakimng'aa. Hakuwa mtu mbaya, lakini umbea ulikuwa umemnogea.

Mama Vifungo alisimama na vibanio vya nguo mkononi, akajikuta anafanya yaleyale ya mzee. Nani ameona? Huyu wa kwenye simu hakusema ameona, alisema wamesema. Tena lile duka halina dirisha la nyuma, lina ukuta wa ghala. Gramu chache, na hizo ni za huruma. Redio ilisema watahojiwa, haikusema wamekosa. Gazeti lilisema wamekutwa, lakini aliyeandika amepewa maneno na ofisi ya wakaguzi, hakukanyaga dukani. Kilichobaki ni picha. Kwenye picha mkaguzi aliigeuza mizani juu chini, na chini ya sahani palikuwa na kitu cheusi cha mviringo. Kitu gani? Huenda amekiweka mkaguzi mwenyewe. Huenda ni sehemu ya mizani. Yeye alijua vifungo, hakujua mizani. Hamu ya kujua ilimkaba, na mtu pekee wa kumweleza alikuwa ndani, kwenye kile kiti, na ndiye aliyekuwa akimficha tangu asubuhi.

Akapiga moyo konde, akaingia.

"Mzee," alisema, "habari ya leo nimekupunja."

"Kiasi gani?"

"Yote iliyokuwa na maana."

Akamweleza. Aya ya mwisho, mlango wa bluu, simu isiyopatikana, hata mambo ya mizani kichwani. Hakupunguza wala hakutia chumvi. Mzee hakufoka. Mikono yake ilitafuta redio, ikaishika bila kuifungua, na uso ukamlegea kama wa mtu aliyeamshwa ghafla. Mama Vifungo alijutia kusema, kisha akajutia kuchelewa kusema, yote mawili kwa pamoja. Kisha mzee akauliza kama televisheni itairudia habari hiyo jioni. Itairudia, akasema mkewe.

"Basi safari hii niwekee vyote kwenye sahani," akasema mzee.

Wakaketi pamoja, goti kwa goti. Picha zilipoanza, Mama Vifungo alisimulia kila kitu kilichopita mbele ya macho yake. Mlango wa bluu umefunguliwa upande mmoja. Magunia yamepangwa vizuri. Mkaguzi ni kijana, ana glovu. Mizani ni ile ya mshale yenye sahani juu. Hapo mzee akamkatiza kuuliza: sahani ikiwa tupu, mshale umesimama wapi? Umepita sifuri kidogo, akasema mkewe. Sasa anaigeuza. Chini ya sahani kuna kitu cheusi, duara, ukubwa wa kifungo cha koti lakini kinene. Mkaguzi anakivuta.

"Kinatoka kirahisi?"

"Hakitoki. Kinang'ang'ania, kama hakitaki. Haya, kimetoka. Amekiacha karibu na sahani, kimerukia tena chenyewe."

Mzee alishusha pumzi ndefu. Alisema hiyo ni sumaku ya spika ya redio. Muuzaji huibandika mkaguzi akishaondoka, ili izidishe uzito, na huibandua akisikia anarudi. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo mkewe alilazimika kuinama aisikie, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mtoto ujanja ule. Kijana alikuwa bado mdogo, wakafungua redio iliyoharibika pale mezani, wakatoa sumaku, wakaibandika chini ya sahani ya mizani ya zamani na kucheka. Alimwonyesha ili asije akapunjwa na watu.

Mama Vifungo alilia. Hakujificha wala hakugeuza uso, maana hapakuwa na wa kumwona, lakini mumewe alisikia, akamtafuta mkono akaushika.

"Hii uliyonipa sasa," mzee alisema, "imepungua robo tu. Redio, gazeti, simu, picha, hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye. Niletee viatu."

Mtoto wao alikaa nyuma ya soko, si mbali. Walikwenda taratibu, mkono wa mzee begani kwa mkewe. Walilipita duka, mlango wa bluu umefungwa kwa karatasi ya ofisi ya wakaguzi. Mzee alikuwa hajafika hapo siku nyingi. Kila alipoomba kupelekwa, kijana alisema vumbi la nafaka litamuumiza baba kifua, afadhali aje yeye nyumbani, na kweli alikuja kila Jumapili na mfuko wa mchele. Mama Vifungo alihesabu hayo kuwa ni mapenzi ya mtoto kwa baba yake.

Walimkuta ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake, simu imezimwa iko sakafuni pembeni. Alisimama, akamshika baba yake mkono kumketisha. Mzee akakataa kuketi. Hakumwuliza kama ni kweli. Alimwambia amekuja kwa sababu amesikia ya watu wote isipokuwa yake.

Kijana akasema.

"Si vumbi, baba. Sikutaka uje dukani kwa sababu ungeipapasa mizani mara moja tu ukajua."

Hakuongeza udhuru. Mama Vifungo alikumbuka zile Jumapili zote na mifuko ile ya mchele. Mzee alisimama wima, kichwa kimeinama upande kama anavyofanya redio inapokuwa na mikwaruzo.

"Mama," akauliza, "uso wake ukoje?"

Angeweza kusema lolote. Hapakuwa na gazeti la kumsuta, wala jirani, wala picha ya kurudiwa jioni. Angeweza kusema anatabasamu, au kwamba ana uso wa mtu aliyeonewa, na mzee angelala na neno hilo mpaka siku yake ya mwisho. Akamtazama mwanawe vizuri kwanza, kama anavyotazama mshono kabla ya kukata uzi.

"Ameinama," alisema. "Ana haya. Midomo inamtetemeka, anajizuia. Hajanyoa. Amekonda kuliko nilivyokuwa nakwambia Jumapili." Akangoja. "Sasa ameinua kichwa. Anakutazama wewe."

Mzee akanyoosha mkono mbele, kule alikoambiwa uso ulipo.