Ukuta wa Joto wa Mama Mbelu

Mama Mbelu, jirani yangu hapa Kapata, alikuwa na ukuta mmoja sebuleni alioupenda kuliko makochi yake. Ukuta huo ulikuwa na joto. Asubuhi za Juni, baridi ikiuma, aliweka boksi la vifaranga chini yake, na sisi majirani tulikwenda kuegemeza migongo na kupiga soga. Mwenyewe aliamini kabisa kwamba marehemu mume wake, Tata Kanyinda, bado anampashia nyumba. Nani angebishana na mjane mwenye furaha?

Niliwahi kumwambia amwite fundi wa umeme, akanicheka. Nyumba zetu zilijengwa na kampuni ya migodi, na zamani hata balbu ikiungua hukuigusa. Alikuwa anakuja mtu wa kampuni na ngazi yake. Siku nyingi sasa hawaji tena, lakini sisi wa Kapata ni wakaidi. Nyaya za ndani ya ukuta bado tunaziita mali ya kampuni, na tunangoja ngazi.

Basi ikafika siku ya Ruffin kuleta mahari ya Mwadi, binti pekee wa Mama Mbelu. Ruffin ni fundi umeme, kijana mpole, anampenda Mwadi mpaka anasahau kula. Kwa desturi ya watu wetu waliotoka Kasai, mkwe hamsemeshi mama mkwe wala hamtazami usoni. Walimketisha palepale ukutani, naye akainamisha macho kama alivyofundishwa. Friji, jiko la umeme na spika za muziki, vyote vilikuwa vimechomekwa kwenye soketi moja ya zamani ya ukuta huo.

Nikaona jasho linamtoka, nikadhani ni woga. Akaugusa ukuta, akaondoa mkono haraka, akamnong'oneza mjomba wake, Tata Tshilombo. Mjomba akatikisa kichwa. Kukosoa nyumba ya mama mkwe siku ya mahari ni kumtukana, na mke anaweza kukupotea hapohapo. Avumilie mpaka watu wamalize kula. Kisha harufu ya mpira unaoungua ikatufikia.

Ruffin akasimama, akapita mbele ya mama mkwe, nusura amkanyage, akazima swichi kuu mlangoni. Muziki ukakatika. Mama Mbelu akainuka amefura, wajomba wa Mwadi wakaanza kutafuta kofia zao waondoke, na Mwadi akaanza kulia. Nami roho iliniuma, kwa sababu kijana nilikuwa nimempenda.

Hapo Ruffin akampa mama mkwe mgongo na kuusemesha ukuta.

"Weye ukuta, ambia mama anisamee. Mafil ya umeme ya ndani yako imeoza. Kama mi nanyamaza, utachoma mama na bantu yote."

Mama Mbelu naye akaugeukia ukuta. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ukuta, ambia huyu kijana apasule, mi nione."

Wakabandua lipu. Mpira wa nyaya ulikuwa umebaki unga mweusi, na boriti ya juu, upande wa chumba anacholala mama mwenyewe, ilikuwa imeungua nusu. Mama Mbelu hakungoja ngazi ya mtu. Akapanda kiti, akaishika boriti, akatazama vidole vyake vyeusi, akaangua kicheko huku machozi yanamtiririka. Akasema kumbe siku zote maskini Kanyinda alikuwa anasingiziwa joto la nyaya. Akawaamuru kaka zake waweke kofia chini na wapokee mahari upesi, na sherehe ikahamia uani, kwenye mbabula, majiko yetu ya makaa. Tulicheza mpaka viatu vikatushinda.

Ruffin alibadilisha nyaya zote kabla ya arusi. Ukuta sasa umepoa, vifaranga wamehamia jikoni, nasi majirani tunalalamikia migongo yetu. Desturi iko palepale, hawatazamani. Ila Jumapili chakula kikiiva, Mama Mbelu anauegemea ukuta ule wa baridi na kupaza sauti isikike mpaka uani aliko mkwe wake.

"Ukuta, ambia mutoto wangu akuye kula."