Nani Kakutuma Uniangalie

Gym yetu ya Kibiti iko nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na uzito tunaoinua mwingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Jioni moja nilimwona jamaa wa Mbwara, mpakia magogo, akinyanyua mzigo kutoka chini huku mgongo umempinda. Nikashindwa kunyamaza.

"Samahani kaka, utaumia mgongo. Punguza uzito kidogo."

Akautua mzigo polepole, akaniangalia. "Nani kakutuma uniangalie?"

Nikarudi kwenye makopo yangu. Tangu siku ile akawa anahamisha chupa yake ya maji kila nilipomkaribia, kana kwamba ningemtilia kitu, nami nikaanza kumshuku kwamba kuna jambo analolificha.

Wiki iliyofuata akaumia mgongo kweli, tena mbele yetu. Wenzangu wakanong'ona kwamba nina jicho baya, na wengine wakaacha kunyanyua nilipokuwapo. Nikaona niende kwao kumjulia hali. Nilimkuta amelala kifudifudi mkekani, mama yake akimkanda kwa maji ya moto. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia bila kunikaribisha kukaa.

"Ulijuaje kama nitaumia?" mgonjwa akauliza.

Nikamweleza kwamba mimi mwenyewe niliwahi kulala kitandani miezi miwili kwa kunyanyua mgongo ukiwa umepinda kama wake.

"Sasa si ungeanza na hilo," akasema.

Mama yake akanisogezea kigoda. Nikakaa, lakini muda wote niliokuwa pale mama hakuacha kunitazama machoni, kama anayelitafuta hilo jicho baya.